Habari za Maradhi ya Kawasaki na Tiba Yake

Mwezi wa Januari mwaka 1961 mtoto mwanamume wa umri wa miaka 4 na miezi 3 alilazwa katika Hospitali ya Msalaba Mwekundu iliyokuwa Hiroo, mjini Tokyo. Homa yake ilikuwa kali, na ilidumu majuma mawili. Macho yalikuwa mekundu pasipo tongo, midomo imekauka na kupasuka, ulimi umeiva wekundu na kuota vijinundu, tezi za shingo zimevimba, mwili umeenea upele, viganja na nyayo zimefura. Dawa za kuua vijidudu hazikumfaa kitu. Kisha homa ikashuka yenyewe, na ngozi ya vidole ikaanza kubambuka kuanzia penye kucha. Mtoto akapata nafuu, akarudi kwao. Daktari aliyemtibu, Tomisaku Kawasaki, mzaliwa wa Tokyo wa mwaka 1925, alikuwa amekwisha kutibu watoto hospitalini hapo tangu mwaka 1950, na juu ya hayo hakujua aandike jina gani katika daftari ya mgonjwa. Akaandika kwamba ugonjwa haukujulikana.

Maneno hayo machache yana uzito wake. Tabibu akikutana na dalili asizozizoea huvutwa kuzitia ndani ya jina lililopo, maana jina humtuliza mzazi, huwatuliza wauguzi, na tabibu mwenyewe hutulia. Wala majina ya kuazima hayakukosekana. Ilikuwapo homa nyekundu, ile iletwayo na vijidudu vya kooni, ambayo nayo hutoa upele na kubambua ngozi. Yalikuwapo pia maradhi ya ngozi na midomo ambayo mara nyingi huletwa na dawa yenyewe aliyopewa mgonjwa. Jina lolote kati ya hayo lingeandikwa, daftari ingefungwa, na hakuna ambaye angeuliza neno. Kawasaki aliiacha wazi.

Mwezi wa Februari mwaka 1962 alipoletwa mtoto wa pili mwenye dalili zile zile, daktari huyo alimkumbuka yule wa kwanza. Mmoja ni ajabu, wawili ni mwanzo wa hesabu. Kabla mwaka haujakwisha alikuwa na watoto saba, akaenda kuwaeleza madaktari wenziwe mkutanoni huko Chiba. Hakusikilizwa sana. Walikuwapo waliosema kwamba haya si mapya, bali ni yale yale ya zamani yaliyovaa nguo nyingine, na mabishano hayo yalidumu miaka kadhaa. Kawasaki hakuwa profesa wa chuo kikuu, wala hakuwa na maabara ya kutetea maneno yake. Alikuwa na macho na daftari. Mwaka 1967 alichapisha makala ya sahifa 44 katika jarida la Kijapani liitwalo Arerugi, akaeleza habari za watoto 50, mmoja baada ya mwingine, kwa subira inayomchosha msomaji wa haraka na kumfurahisha mwenye kutaka kujua.

Dalili alizozipanga ndizo zinazotumika hata leo. Homa ya siku tano au zaidi ndiyo nguzo. Baada ya hiyo hutazamwa mambo matano: macho kuwa mekundu pasipo tongo, midomo na ulimi kuiva, viganja na nyayo kufura na baadaye kubambuka, upele mwilini, na tezi ya shingo kuvimba. Mtoto mwenye homa hiyo na manne katika matano huhesabiwa kuwa na maradhi haya. Wengi wao hawajatimiza miaka mitano, na wavulana huzidi wasichana. Kwa kuwa dalili hazitokei zote kwa siku moja, upele waweza kuwa umekwisha pale macho yanapoanza kuwa mekundu, na daktari aliyemwona mtoto jana akaona jambo jingine na yule atakayemwona kesho. Hapo ndipo ulipo ugumu wake, na ndipo mama mwenye kukumbuka vizuri anapokuwa shahidi bora kuliko kipimo.

Katika makala yale ya mwaka 1967 palikuwa na kosa moja kubwa. Kawasaki alisema kwamba maradhi haya ni mapole, huja na kuondoka yenyewe, na hayaachi nyuma madhara yoyote. Alisema hivyo kwa nia safi, kwa sababu watoto aliowatibu walirudi kwao wakiwa wazima. Lakini kuondoka hospitalini si ushahidi wa uzima wa kila kiungo. Mwaka 1965 mtaalamu wa kuchunguza maiti, Noboru Tanaka, alikuwa amempasua mtoto aliyefariki ghafula baada ya kuugua maradhi hayo, akakuta damu imeganda ndani ya mishipa inayoulisha moyo. Kawasaki alipata habari hiyo, akaiona kuwa ni sadfa, mtoto mmoja kati ya wengi.

Mtu aliyeshika njia nyingine ni Takajiro Yamamoto wa Hospitali ya Mtakatifu Luka, katika mji ule ule wa Tokyo. Yeye alipata mgonjwa ambaye mapigo ya moyo wake yalikwenda mbio mithili ya farasi, na dalili za moyo kushindwa kazi zikaonekana. Yamamoto hakuliacha jambo hilo lipite. Akaanza kuwapima wagonjwa wake wote kwa mashine inayoandika umeme wa moyo, hata wale walioonekana kucheza na kucheka. Mwaka 1968 alitoa habari za watoto 23, na kati yao 11 walikuwa na kasoro katika maandishi ya mashine hiyo. Basi mjini mmoja, katika miaka mamoja, walikuwapo matabibu wawili mahodari wenye wagonjwa wa namna moja, mmoja akisema moyo ni salama na mwingine akisema moyo umeguswa. Tofauti yao haikuwa ya akili. Mmoja alitazama ngozi, mwingine akasikiliza kifua.

Mabishano hayo yalikatwa na hesabu. Mwaka 1970 kamati ya uchunguzi iliyosaidiwa na serikali ya Japani iliandika barua kwa hospitali za nchi nzima kuuliza habari za watoto wenye dalili zile. Majibu yaliporudi, walipatikana watoto 10 waliokufa na kuchunguzwa maiti zao, na moyo ndio uliokuwa umewaua. Kawasaki mwenyewe alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Mwaka 1974, alipoandika kwa Kiingereza pamoja na wenziwe katika jarida la Kimarekani la matabibu wa watoto, vifo hivyo viliandikwa waziwazi. Mtu aliyesema maradhi ni mapole ndiye aliyeutangazia ulimwengu kwamba yanaua. Katika historia ya elimu si wengi waliopata nafasi hiyo, na katika waliopata si wote waliokubali kuitumia.

Yafaa kueleza jinsi maradhi haya yanavyoudhuru moyo, kwani ndipo penye kiini cha tiba. Moyo nao hula. Mishipa miwili mikuu hutoka katika mshipa mkubwa wa damu na kuuzunguka moyo, ikagawanyika na kuupelekea chakula chake. Katika maradhi ya Kawasaki mwili wa mtoto huwaka kwa uvimbe, na uvimbe huo hupenda hasa mishipa ya wastani na midogo, na katika hiyo hupenda mishipa ya moyo. Kuta zake hulika na kulegea, kisha msukumo wa damu huzitanua, mshipa ukafanya kifuko. Damu ipitayo katika kifuko haiendi kwa mwendo wake wa kawaida. Huzunguka na kutulia, na damu itulayo huganda. Katika juma la tatu la ugonjwa chembe za damu zenye kazi ya kugandisha huongezeka mno, kana kwamba mwili wenyewe unakusanya kuni za moto huo. Kwa hiyo hatari kubwa ya kifo ilikuwa kati ya siku ya 15 na siku ya 45, yaani wakati homa imekwisha, upele umepotea, na mzazi amekwisha kushukuru. Mtoto akianguka wakati huo, nani angekumbuka macho mekundu ya mwezi uliopita?

Hilo laeleza kwa nini maradhi haya yalikaa miaka mingi bila kutambuliwa mahali pengine. Mjini London, katika mwaka 1871, tabibu Samuel Gee wa Hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo aliandika habari za mtoto wa miaka saba aliyefariki, na mishipa ya moyo wake ikaonekana ina vifuko. Moyo huo ulihifadhiwa katika chumba cha makumbusho cha hospitali. Baadaye, katika nchi za Ulaya na Marekani, wachunguzi wa maiti walikutana mara moja moja na watoto wachanga wenye mishipa iliyovimba namna hiyo, wakaupa ugonjwa wao jina refu la Kigiriki, wakauhesabu kuwa ni nadra na hauna dawa. Hao walikuwa wanaujua mwisho wa kisa bila mwanzo wake. Kawasaki alijua mwanzo bila mwisho.

Ncha hizo mbili ziliunganishwa Hawaii, na si ajabu, maana visiwa hivyo vina wakazi wengi wenye asili ya Japani. Mjini Honolulu madaktari Marian Melish na Raquel Hicks walikuwa wakiwaona watoto wenye homa na macho mekundu, wakaandika dalili zao bila kujua kwamba huko Tokyo yuko mtu aliyekwisha kuziandika. Katika mji huo huo mtoto mchanga alifariki mwaka 1971 akaandikiwa lile jina la Kigiriki. Mchunguzi wa maiti Eunice Larson alipolinganisha habari zake na habari zilizotoka Japani, iligunduliwa kwamba mtoto yule alikuwa na ugonjwa wa Kawasaki. Mwaka 1977 Larson pamoja na Benjamin Landing waliandika kwamba, kwa kutazama mishipa peke yake, hakuna awezaye kutenga kimoja na kingine. Maradhi yaliyodhaniwa ni mapya yalikuwa na umri mkubwa kuliko waliokuwa wakiyabishania.

Kwa upande wa tiba, miaka ya kwanza ilikuwa ya kupapasa. Watoto walipewa dawa za kuua vijidudu kwa desturi tu. Walipewa aspirini kwa wingi kwa kuwa ni mpoza uvimbe wa siku nyingi, na baadaye kwa kiasi kidogo ili damu isigande. Walipewa pia dawa za jamii ya steroidi, ambazo katika miaka ya 1950 zilikuwa zimesifiwa kwa kuzima uvimbe wa kila aina. Na kwa kuwa huu ni uvimbe, akili ilikubali kwamba zitafaa. Kilichokosekana ni njia ya kuona ndani ya kifua cha mtoto aliye hai. Hirohisa Kato wa Chuo Kikuu cha Kurume alipoanza katika miaka ya 1970 kupiga picha mishipa ya moyo kwa kuitia dawa ionekanayo kwa eksirei, vifuko vilionekana kwa macho katika watoto waliohesabiwa kuwa wazima. Baadaye kikaja kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kisicho na sindano wala maumivu, na tangu hapo kila tiba iliweza kuulizwa swali moja: je, vifuko vimepungua?

Mwaka 1979 Kato na wenziwe walitoa jibu lililoogopesha. Katika watoto waliopewa prednisoloni peke yake, yaani dawa mojawapo ya steroidi, 11 kati ya 17 walipata vifuko. Katika waliopewa aspirini walipata 4 kati ya 36. Habari hiyo ilienea, na kwa muda wa miaka mingi steroidi zikawa kama mwiko katika maradhi haya; vitabu vya mafunzo vikazikataza, na mwanafunzi aliyezitaja mtihani ukamponyoka. Lakini katika makala ile ile palikuwa na kundi dogo la watoto 7 waliopewa prednisoloni pamoja na aspirini, na katika hao hakuna hata mmoja aliyepata kifuko. Mstari huo ulisomwa na kupitwa. Ni kweli kwamba saba ni wachache mno kujengea hoja, lakini kumi na saba nao si jeshi. Woga ulichukua hesabu moja ukaacha nyingine, na jambo hilo lilikuja kudaiwa baada ya miaka thelathini na zaidi.

Dawa iliyogeuza mambo ilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Mwaka 1981 Paul Imbach na wenziwe huko Bern, Uswisi, waliandika kwamba gamaglobulini, ikitiwa kwa wingi katika mshipa, iliwafaa watoto wenye ugonjwa mwingine kabisa, ambao kinga ya mwili wao huziharibu chembe za kugandisha damu. Gamaglobulini ni ule utomvu wa damu wenye kinga, unaokusanywa kutoka kwa maelfu ya watu wanaojitolea damu, ukasafishwa na kuchanganywa. Hapo kwanza ilitolewa kwa wale waliozaliwa bila kinga ya kutosha, kama mtu anavyomjazia jirani debe lililo tupu. Bern ilionyesha kwamba yaweza pia kumtuliza mtu ambaye kinga yake imezidi na kuasi. Kenshi Furusho wa Japani aliyaona hayo, akawaza kwamba kama ni kutuliza, basi hata mishipa iwakayo yaweza kutulizwa. Mwaka 1984 alitangaza matokeo yake: katika watoto 45 waliopewa aspirini peke yake, 19 walipata kasoro za mishipa, katika 40 walioongezewa gamaglobulini kwa siku tano, kasoro zilionekana kwa 6 tu.

Huko Marekani Jane Newburger wa Boston, pamoja na matabibu wa hospitali kadhaa, walilipima jambo hilo upya, watoto wakigawanywa kwa kura ili pasiwe na upendeleo. Matokeo ya mwaka 1986 yalikuwa hivi: baada ya majuma mawili, kasoro za mishipa zilikuwa asilimia 23 kwa waliopewa aspirini peke yake, na asilimia 8 kwa waliopata zote mbili, baada ya majuma saba zilikuwa asilimia 18 na asilimia 4. Katika uchunguzi wa pili, wa mwaka 1991, wenye watoto 549, walilinganisha kutoa dawa kidogo kidogo kwa siku nne na kuitoa yote kwa mara moja, gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, ikidondoka kwa muda wa saa 10. Ya mara moja ikashinda. Tangu hapo ndiyo desturi ya matabibu, nayo hutakiwa itolewe kabla ya siku ya kumi ya homa, kwa kuwa ukuta wa mshipa ukishalika dawa haiujengi tena. Mtoto asiyetibiwa ana hatari ya kupata vifuko ya kadiri ya mmoja katika wanne au watano. Akitibiwa mapema hatari hiyo hushuka hata kuwa kama mmoja katika ishirini na tano.

Kuna jambo la kustaajabisha katika ushindi huo. Hakuna aliyejua, wala hakuna ajuaye kwa yakini hata sasa, gamaglobulini hufanya nini ndani ya mishipa ya mtoto. Zipo dhana nyingi, na kila moja ina watetezi wake. Tena sababu ya ugonjwa wenyewe haijapatikana. Matabibu wa zamani waliwahi kutumia gome la mkwinini kabla ya kujua kwamba malaria huletwa na kidudu na kubebwa na mbu, kwa hiyo tiba kutangulia sababu si jambo geni. Lakini hayo yalikuwa ya enzi ambayo hadubini ilikuwa haijaingia kazini. Haya yametokea katika zama za maabara kubwa, na maabara hizo zimeulizwa mara nyingi bila kujibu.

Ushindi huo una bei. Dawa inayotoka katika damu ya maelfu ya watu haiwezi kuwa rahisi, na kipimo chake hufuata uzito wa mtoto. Shirika la Afya Duniani limeitia katika orodha ya dawa za lazima kwa watoto, na maradhi ya Kawasaki yametajwa hapo kwa jina, lakini kuandikwa katika orodha si sawa na kuwekwa katika kabati la hospitali ya wilaya. Msomaji wa Afrika ya Mashariki atalinganisha na jambo alijualo zaidi. Katika nchi tajiri maradhi ya Kawasaki yamekuwa sababu kubwa ya magonjwa ya moyo ambayo mtoto huyapata baada ya kuzaliwa. Katika nchi zetu sababu kubwa ni homa ya baridi yabisi, ile ifuatayo maumivu ya koo na kuharibu milango ya moyo. Hiyo chanzo chake kinajulikana, na tangu miaka ya 1950 inajulikana kuwa sindano ya penisilini ya kila majuma matatu au manne huizuia isirudi. Penisilini ni rahisi mno ikilinganishwa na gamaglobulini. Basi ugonjwa mmoja hauna sababu inayojulikana na una tiba ya ghali ambayo hutolewa kikamilifu mahali penye fedha. Mwingine una sababu inayojulikana na dawa ya senti chache, na watoto wangali wanafika kwa madaktari wa upasuaji milango ya moyo imekwisha kukakamaa. Elimu peke yake haitoshi kueleza tofauti hiyo.

Gamaglobulini nayo haikuwaponya wote. Katika kila watoto kumi, mmoja au wawili homa yao hairudi nyuma baada ya dawa, na hao ndio ambao mishipa yao huharibika zaidi. Wengine hupewa mara ya pili, wengine hupewa dawa mpya zilizotengenezwa kuzuia aina maalumu ya uvimbe. Ndipo steroidi zikaitwa tena kutoka uhamishoni. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, wenye watoto 199, haukuona faida ya kuwapa wote dozi moja kubwa. Lakini Wajapani waliuliza swali jingine: je, kwa wale tu ambao dalili zao za mwanzo zaonyesha kuwa dawa ya kawaida haitawafaa? Mwaka 2012 Tohru Kobayashi na wenziwe walitoa jibu. Watoto wa namna hiyo waliopewa gamaglobulini peke yake walipata kasoro za mishipa kwa asilimia 23, na walioongezewa prednisoloni kwa majuma kadhaa walipata kwa asilimia 3. Wale watoto 7 wa mwaka 1979 wakapata watetezi, ingawa kwa kuchelewa.

Walioachiwa vifuko nao wana historia yao. Kato aliwafuatilia watoto 594 kwa muda wa miaka 10 hadi 21, akatangaza mwaka 1996 kwamba karibu robo yao walikuwa wamepata vifuko, na katika hao kama nusu mishipa yao ilirudi kipenyo chake. Waliosalia waliishi na mishipa yenye vifuko au iliyobanika, wengine wakahitaji kufanyiwa upasuaji, na vile vifuko vipana kupita milimita 8 ndivyo vyenye hatari zaidi. Watu wazima wa Japani wapo leo wanaomeza aspirini kila asubuhi kwa sababu ya homa waliyoiugua kabla hawajajua kusoma.

Sababu ingali inasakwa. Nchini Japani ugonjwa ulivuma kwa makundi makubwa katika miaka ya 1979, 1982 na 1986, na mwaka 1982 watoto zaidi ya 15,000 waliugua. Kuvuma namna hiyo kwafanana na kitu kiambukizacho, lakini mtoto mmoja hamwambukizi mwenziwe wa kitanda cha pili. Watoto wenye asili ya Japani huugua zaidi hata wakizaliwa Hawaii, jambo linaloelekeza katika damu ya ukoo, na mwaka 2008 wachunguzi wa Japani walitaja jeni mojawapo inayohusika. Mwaka 2011 wengine waliona kwamba idadi ya wagonjwa Japani, Hawaii na San Diego hupanda na kushuka pamoja na pepo zitokazo bara la Asia. Dhana ya upepo ni nzuri kuisoma, na huenda ikawa na kweli ndani yake, lakini upepo hubeba mambo mengi, na kitu chenyewe hakijashikwa.

Mwaka 2020, uviko ulipoingia Ulaya, maneno ya Kawasaki yalisikika tena katika magazeti. Huko Bergamo, Italia, mji ulioumizwa sana, madaktari walipokea kati ya tarehe 18 Februari na 20 Aprili watoto 10 wenye dalili zinazofanana na hizi, ilhali katika miaka mitano iliyotangulia walikuwa wamepata 19 tu. Watoto wa Bergamo walikuwa wakubwa zaidi kwa umri, na misuli ya moyo wao iliumia kuliko ilivyo kawaida. Baadaye iliamuliwa kwamba huo ni ugonjwa mwingine, ndugu wa huu. Walitibiwa kwa gamaglobulini na steroidi, yaani kwa njia iliyokwisha kusafishwa na mabishano ya miaka arobaini, na kama njia hiyo isingalikuwapo wangalianza kupapasa upya. Nchini Japani, watu walipofunika nyuso na kukaa majumbani, maradhi ya Kawasaki yenyewe yalipungua, nao wenye dhana ya maambukizo wakapata hoja mpya.

Tomisaku Kawasaki alifariki Tokyo tarehe 5 Juni 2020, akiwa na umri wa miaka 95. Aliacha kazi hospitalini mwaka 1990, na mwaka huo huo akaanzisha kituo cha kuchunguza ugonjwa huo. Hakubahatika kuiona sababu. Mpaka leo hakuna kipimo cha damu kiwezacho kusema peke yake kwamba mtoto fulani anayo maradhi haya. Daktari hukaa karibu na kitanda, huhesabu siku za homa, hutazama macho, midomo na shingo, kisha hushika viganja vya mtoto na kuvigeuza.